Kumfundisha mtoto mpira wa vinyoya (badminton) Kigoma: miguu kwanza, raketi baadaye

Agosti 2023, mjini Copenhagen, Kunlavut Vitidsarn wa Thailand alipoteza seti ya kwanza ya fainali ya dunia 19-21 mbele ya Mjapani Kodai Naraoka. Akachukua ya pili 21-18, kisha ya tatu 21-7. Mechi ilikula dakika 109. Anayetaka kujua amfundishe nini mtoto wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, aiangalie hiyo 21-7. Raketi za wote wawili zilikuwa nzima mpaka mwisho; kilichokwisha ni miguu ya mmoja wao.

Kunlavut alizaliwa Mei 2001. Alikulia klabu ya Banthongyord, ileile iliyomlea Ratchanok Intanon, binti ambaye wazazi wake walikuwa vibarua wa kiwanda cha vitamutamu cha mwenye klabu, na ambaye mwaka 2013 alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Kunlavut alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019, lakini ule wa wakubwa aliungoja miaka minne zaidi. Mwaka 2024 akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Paris. Kumbi za Bangkok hatuna. Tunachoweza kuiga ni sehemu moja iliyo karibu na nyumbani, watoto walewale kila juma, na mazoezi ya miguu yasiyorukwa.

Uwanja

Vipimo ni mita 13.40 kwa 6.10. Mchezo wa mmoja mmoja hutumia upana wa 5.18. Mstari wa mbele wa kuanzishia mchezo (sevu) uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu. Ukishapiga kamba pande nne, pima kutoka kona hadi kona: milalo yote miwili isome mita 14.72. Ikitofautiana, uwanja umepinda, na mtoto atazoea mstari usio wa kweli. Chokaa kwenye udongo haimalizi wiki. Kamba ya nailoni iliyopigiliwa kwa misumari ya inchi 4 hukaa muda mrefu, mradi vichwa vya misumari vizame ardhini.

Elekeza urefu wa uwanja kaskazini na kusini. Jua la jioni linazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mtoto anayelitazama usoni haoni kinyoya mpaka kimguse paji. Faida ya pili ni kwamba upepo wa ziwani utakuja kwa ubavu: utakisukuma kinyoya nje ya mstari, ila hautamfanya mmoja apige kwa shida na mwenzake kwa mteremko.

Kwa nguzo, jaza zege kwenye tairi mbili mbovu za gari na usimike bomba lifike mita 1.55 kutoka ardhini. Wavu katikati uwe mita 1.524. Hapo ndipo wengi wanapokosea: hukimbilia Kibirizi, kwa wavuvi, kuokota wavu mkuukuu wa dagaa. Matundu yake ni madogo mno, unashika upepo kama tanga na kuangusha nguzo. Wavu wa samaki wakubwa nao unapitisha kinyoya, ugomvi ukaanza. Tafuta wenye tundu la milimita 15 hadi 20: kidole cha shahada kinapita, kizibo cha kinyoya, yaani kichwa chake cha mviringo, hakipiti. Ukate kina cha sentimita 76 na ushonee utepe mweupe juu.

Saa nzuri ni 12:30 hadi 2:00 asubuhi, kabla ziwa halijaanza kupuliza. Siku za shule, mnapocheza jioni, jifiche nyuma ya jengo refu. Ukipata ukumbi wenye paa la mita 5 hivi na ukuta usio mweupe, uchukue hata kama ni kwa siku moja ya wiki.

Vinyoya

Watoto waanze na vya nailoni. Mkanda wa rangi kwenye kizibo unaeleza kasi: kijani polepole, bluu wastani, nyekundu haraka. Kigoma iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari na Tabora inakaribia 1,200. Hewa ikiwa nyepesi kinyoya hukimbia zaidi, kwa hiyo ndani ya ukumbi wa Tabora chukua kijani. Kupima, simama mstari wa nyuma, piga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu. Kinyoya sahihi huanguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili.

Nje, kwenye upepo, bandika kidonge kidogo cha bazoka iliyotafunwa ndani ya kizibo. Si halali kwa mashindano, ila kinatulia. Sketi ya nailoni, ile sehemu iliyotanuka nyuma ya kizibo, ikijikunja, ichovye maji ya moto sekunde chache itarudi.

Vya manyoya halisi, vyenye manyoya 16, waachie wakubwa. Kiangazi cha Tabora huvikausha vikavunjika kama njiti. Fungua kopo lake pande zote mbili, lipitishe juu ya mvuke wa sufuria sekunde kumi na tano, funika, liache lilale hadi kesho. Ukizidisha, manyoya hulowa na kinyoya kinakuwa kizito.

Kundi la watoto wanane linahitaji vinyoya 20. Vikiwa vitatu, mazoezi yote ni kuokota.

Mshiko

Mtoto akipewa raketi kwa mara ya kwanza huishika kama mwiko wa ugali, uso bapa ukitazama wavu. Anapata mipira ya mbele, anafurahi, halafu mwaka mzima hawezi kupiga kwa nguvu kutoka nyuma. Mwambie aisalimie raketi kwa mkono, ubapa ukiwa wima kama kisu. Kwa upande wa kushoto ageuze kidogo na kuegemeza dole gumba kwenye ubapa mpana wa mpini. Vidole vilegee, vibane pale tu anapogonga. Mdogo wa miaka saba ashike juu, karibu na shingo, maana raketi ya sentimita 67 inamzidi. Mpini ukiteleza kwa jasho, uvishe utepe wa taulo kuukuu.

Miguu

Hapa tumia theluthi ya kila kipindi, hata watoto wakinung'unika.

Weka magunzi sita katikati ya uwanja. Pembe ni sita: mbili za wavuni, mbili za ubavuni, mbili za nyuma. Mtoto anachukua gunzi moja, analiweka kwenye pembe mojawapo, anarudi katikati, anachukua jingine. Akimaliza anayakusanya vilevile. Andika muda wake kwenye daftari, upime tena baada ya wiki mbili.

Mambo matatu yasimamiwe bila huruma. Kwanza, uso usiache wavu. Kwenda nyuma ni kwa hatua za ubavu, si kugeuka na kukimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Pili, kila mara mpinzani anapogonga, mtoto awe ameruka kidogo na kutua kwa miguu yote miwili, magoti yamelegea. Kiruko hicho kidogo ndicho kinachomwezesha kwenda upande wowote, na asiye nacho huonekana mzito hata akiwa mwembamba. Tatu, hatua ya mwisho kwenda wavuni iwe ya mguu wa upande wa raketi, kisigino kitangulie, vidole vielekee aendako. Akitua kwa vidole, goti linapita mbele ya mguu, na maumivu chini ya pia ya goti hayatakawia.

Changarawe huteleza: fagia, nyunyiza maji nusu saa kabla. Raba ziwe na soli bapa ya mpira. Za kukimbilia zenye soli nene huteguza kifundo.

Kisha mrushie vinyoya kwa mkono, kumi kumi, mbele na nyuma kwa kupokezana. Rusha kinachofuata akisharudi katikati, si kabla. Mwalimu mwenye haraka humfundisha mtoto kutorudi, kisha anamlaumu kwa kutorudi. Sekunde 20 za kazi, 40 za kupumzika, mizunguko sita inawatosha wa miaka kumi. Wa miaka kumi na minne wafike 30 kwa 30.

Mchezo wenyewe

Gawanya uwanja kwa urefu. Watoto wanne wanacheza mmoja kwa mmoja, kila jozi kwenye nusu yake ndefu na nyembamba. Miezi sita ya kwanza, pointi iliyopatikana kwa smashi, pigo kali la kushuka, isihesabiwe. Watalalamika. Lakini Kunlavut anajulikana kwa kurudisha, kungoja na kudanganya kwa kifundo cha mkono, na hayo hayajengeki kwa mtoto anayemaliza kila mpira kwa pigo moja.

Kuanzisha kuwe kwa chini, kwa nyuma ya mkono. Kinyoya kizima kiwe chini ya mita 1.15 kinapogongwa, funga uzi kwenye vijiti viwili kwa kimo hicho, wajipime wenyewe.

Miaka 7 hadi 9, siku tatu kwa wiki, dakika 45. Kuanzia 10, siku nne, saa moja na robo. Anayerefuka ghafla mpunguzie miruko, na akilalamikia goti apumzike miruko yote wiki mbili, abaki na kazi za mkono.

Kila mwezi cheza bonanza la wote kwa wote. Watoto wanane ni mechi 28. Kwa pointi 21 utashinda uwanjani hadi alasiri huku upepo ukiamua mshindi. Cheza hadi 11, kama dakika saba kila mechi, badilishana pande mmoja akifika 6: saa tatu na robo hivi, ukianza 12:30 umemaliza kabla ya saa nne. Wakizoeana mno, tafuteni wenzenu wa Tabora. Ni kilomita zipatazo 400 kwa reli, na vinyoya vipakieni vikiwa vimesimama ndani ya makopo yake, si chini ya mizigo.