Unampa mtu shairi aliimbe? Zungumzeni haya kwanza

Mimi natunga mashairi ya taarab, hapa Unguja. Siimbi, na ala pekee ninayoiweza ni kupiga makofi. Shairi likitoka kwangu huenda kwa maalim akalitia muziki, kisha kwa mwimbaji, na nyuma yake wapo wapigaji wa ala: wa ganuni, wa fidla, wa akodioni na wa dumbaki. Vijana wanaoanza kutunga huja kuniuliza habari za vina na mizani, na hayo yanafundishika. Linalowashinda ni kusema na wenzao. Mtu anaweza kumsema jirani kwa beti nne za mafumbo, lakini kumwambia mwimbaji wake kwa kauli nyoofu "hapa umenikatia neno" hawezi.

Anza na fumbo lenyewe. Kabla hujamkabidhi mwimbaji shairi, mwambie linamsema nani. Wengi hawafanyi hivi, wanaona ni kuharibu utamu. Lakini fikiri: wewe siku ya onyesho utakuwa umekaa nyuma, au uko nyumbani umelala. Anayesimama mbele ni yeye. Ukifika mshororo wenyewe, mtu atainuka na noti yake mkononi, aje anacheza taratibu, amtunze mwimbaji huku jicho liko kwa hasimu wake aliyekaa safu ya pili. Kesho yake mtaani anayeulizwa ni mwimbaji: "Bibi wee, ulikuwa unamwimba nani?" Si haki ayajue kwa watu. Mweleze mapema, na akisema hili sitaki, usimbembeleze. Na akija mtu na pesa zake anataka atungiwe wimbo wa kumpiga fulani, asitake kumtaja huyo fulani, mimi simtungii.

La pili ni kusahihishana. Hapa ndipo urafiki unapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mishororo hii miwili, nimeiunda sasa hivi kwa mfano:

Moyo wangu umechoka, kubeba yako mizigo,
Wewe wazidi kucheka, wanitwisha na magogo.

Silabi nane kwa nane, kina cha kati "ka", cha mwisho "go". Mwimbaji kwenye mazoezi anaimba "kubeba mizigo yako", kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Mizani haijapotea, kina kimekufa. Ukimwambia "unaniharibia shairi", umemtukana na hujamfundisha kitu. Mwambie: "Bi fulani, ubeti wa kwanza, mshororo wa kwanza, naomba tumalizie na 'mizigo', ndipo 'magogo' ipate mwenzake." Taja ubeti, taja mshororo, taja neno. Maneno kama "haijakaa sawa" au "haina ladha" yaache nyumbani, hakuna anayejua ayafanyie nini.

Na umwambie wapi? Si mbele ya wapigaji. Ngojea mapumziko, mtoke nje barazani, muwe wawili. Kwenye kundi la WhatsApp la kikundi ndiyo usithubutu kabisa. Sauti uliyoirekodi saa nne za usiku ukiwa na hasira itasambazwa hadi kwa shemeji yake kabla ya alfajiri.

Upande wa pili nao una haki yake. Maalim akikwambia "hili neno linanibana, sipati pa kuvuta sauti", msikilize, maana yeye anasikia kitu ambacho kwenye karatasi hukioni. Omba akuchezee kwa ala ya udi mara mbili, kwa neno lako na kwa neno analolitaka yeye. Mara nyingi mimi humwachia. Nisilomwachia ni kubadili maana bila kuniuliza, na hilo namwambia siku ninapompa karatasi: sauti, yaani huo muziki ulioutia, ni yako Maalim, neno likikusumbua nipigie nikutafutie jingine la mizani ileile. Mtunzi anayeona kila silabi yake ni johari atafute kazi ya peke yake, achapishe diwani.

Pesa. Tuzo za jukwaani, zile noti anazotunzwa mwimbaji, kila kikundi kina utaratibu wake: kwengine zinaingia mfuko wa kikundi, kwengine mwimbaji ana fungu lake, na mtunzi pengine hana chochote. Uliza kabla ya onyesho, tena uliza kwa tarakimu: "Zikiingia laki moja, mimi napata ngapi?" Ukijibiwa "hatutakusahau", jua umeshasahauliwa. Na kama umekubali kutoa bure, toa bure kweli, usije ukanung'unika jikoni.

Kisha jina. Watu wengi wanamjua Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Waulize habari za waliokuwa wakipiga na kutunga pamoja naye, kina Maalim Shaaban, Mbaruku, Buda Swedi na Subeti Ambari, utaona wanavyokutazama. Leo wimbo unapandishwa YouTube na kijana wa kamera ambaye hajui nani katunga, anaandika jina la mwimbaji basi. Hana kosa, hakuambiwa. Kwa hiyo andikeni karatasi moja, ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, mtunzi wa shairi, aliyetia muziki, mwimbaji, tarehe, mgao, sahihi za wote. Kila mmoja abaki na nakala, na nyingine apewe mshereheshaji ayasome majina kabla ala hazijaanza. Usajili wa wimbo kwenye ofisi ya hakimiliki ufanyeni pamoja, COSOZA kwa sisi wa Visiwani, COSOTA kwa wa Bara. Mmoja akienda peke yake ndipo maneno yanapoanza.

Na ikitokea hamkuelewana, achaneni wazi. Mwambie: "Shairi langu nalirudisha, na sauti yako Maalim sitampa mtu mwengine." Kimya kibaya hapa. Mwenzio atadhani mambo bado yapo, aendelee na mazoezi miezi miwili, halafu asikie shairi lilelile linaimbwa na kikundi kingine kwenye harusi. Piga simu siku hiyohiyo.