Kuhama DSLR Kwenda Miralesi Bila Kuuza Lenzi: Mwongozo wa Mpiga Picha wa Harusi Tanga

Mwongozo huu ni wa anayekula kwa kamera yake: harusi, sendofu, mahafali, shughuli za kina mama. Una DSLR ya Canon au Nikon, unataka kuhamia kamera isiyo na kioo, yaani miralesi, na huenda unachowaza ni bei ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi). Bodi ndiyo sehemu nyepesi. Kinachomtoa mtu jasho ni lenzi, taa za ukumbini na mazoea ya mkono, na kwetu Tanga ongeza upepo wa bahari. Mimi natumia Canon, basi mifano mingi itaegemea huko. Wa Nikon nitawagusa, wa Sony mtanivumilia.

Hatua ya 1: Panga lenzi zako mezani

Fanya hivi kabla hujauliza bei ya bodi yoyote.

Ndani ya DSLR kuna kioo kinachorusha mwanga juu ili uone picha kwenye kitundu cha kuchungulia. Kioo hicho kinataka nafasi, ndiyo maana kutoka mdomo wa Canon EF, pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye kihisi kinachonasa picha kuna milimita 44. Miralesi za Canon, zenye mdomo wa RF, zina milimita 20 tu. Adapta inajaza hizo 24 zilizopungua. Ile ya kawaida ya Canon ni bomba lenye nyaya za mawasiliano, halina vioo vya lenzi ndani, kwa hiyo picha haipungui ubora. Lenzi za EF, mdomo ulioanza mwaka 1987, zinaingia na fokasi inafanya kazi.

Sasa tenga mafungu mawili. Zilizoandikwa EF ziweke kulia, hizo ni mtaji. Zilizoandikwa EF-S, kama 18-55 inayokuja na kamera, ziweke kushoto. Nazo zinaingia kwenye adapta, lakini bodi ya fulufremu, yenye kihisi kikubwa, itakata picha pembeni: Canon EOS R ya megapikseli 30 inabaki na chini ya 12. Ukiwa na EF-S tupu, bodi yako ni Canon R7 au R10 zenye kihisi kidogo, si fulufremu.

Wa Nikon, adapta yenu ni FTZ. Lenzi za AF-S na AF-P hazina shida. Ile 50mm f/1.8D ambayo wengi wetu tulianza nayo haina mota ya fokasi ndani, na FTZ haina mota pia, basi utazungusha pete kwa mkono.

Adapta haifanyi kazi kinyume. Lenzi ya RF haiingii kwenye DSLR hata ukiibembeleza. Ndiyo maana namshauri mtu asinunue lenzi mpya mwanzoni: ukibaki na EF, bodi mbili zinakula chungu kimoja, na ya zamani inakuwa akiba yako ya kweli siku ya kazi.

Hatua ya 2: Chagua bodi kwa matundu ya kadi

Wauzaji watakuimbia megapikseli. Wewe uliza kadi ngapi zinaingia. Nikaa hairudiwi kwa sababu kadi imekufa. EOS R na Nikon Z6 zina tundu moja. R6, Nikon Z5, Z6 II na Sony A7 III zina mawili. Kwa kazi ya kulipwa ningechagua mawili hata kama bodi ni ya zamani kidogo.

Ukinunua iliyotumika, Kariakoo au kwingine, nenda na lenzi yako na adapta. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uangalie madoa, jaribu kila kitufe, chomeka flashi yako. Muuzaji akikunja uso, tafuta mwingine.

Hatua ya 3: Kaa na menyu jioni nzima

Washa utambuzi wa macho kwanza. Hapa ndipo miralesi inapojilipia: kamera inashika jicho la bibi harusi na kulifuata akitembea, nawe unabaki na kazi ya kupanga picha. Lakini ina tabia moja ya kukera. Siku ya hina unataka mkono uliopakwa, kamera inakimbilia uso wa shangazi aliyekaa nyuma. Basi weka kitufe kimoja cha kidole gumba kiwe cha kurudi kwenye nukta moja ya fokasi. Kifanyie mazoezi mpaka kidole kikiendee chenyewe.

Pili, elewa kwamba unachokiona kwenye kitundu sasa ni skrini ndogo. Inakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Kwa mwanga wa asili ni neema: mchana wa Raskazone, shela jeupe na ngozi nyeusi, unaona mapema kama shela limeungua, unateremsha mwanga, unapiga. Weka na histogramu, ile grafu ya mwanga, maana mwangaza wa skrini unaweza kukudanganya ukiwa juani.

Kwa flashi za studio neema hiyohiyo inageuka balaa. Umeweka 1/160, f/8, ISO 100 ndani ya chumba. Kamera inadhani huna taa nyingine, inakuonyesha giza tupu. Flashi nyingi za kampuni ya kamera yenyewe hujitambulisha na skrini ikajirekebisha, ila trigga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) za bei nafuu zenye pini moja hazijitambulishi. Ingia kwenye menyu uzime uigizaji wa mwanga. Canon ni "Exposure simulation", Sony ni "Setting Effect". Viweke kwenye menyu yako ya haraka, kwa sababu utavizima na kuviwasha siku nzima.

Zima pia utumaji wa picha kwenda kwenye simu, hasa kama unaitwa kwenye singo au shughuli yoyote ya wanawake pekee. Picha zile zinakaa kwenye kadi mpaka mwenye shughuli aseme. Mmoja tu akisema picha zake zilionekana kwenye simu ya mtu, kazi za mtaa mzima zimekwisha.

Hatua ya 4: Jifunze lini unyamaze na lini upige kelele

Shata ndiyo inayopima muda wa mwanga kunaswa, na ya kielektroniki haitoi sauti. Msikitini, khutba ya nikaa inaendelea, unapiga na hakuna anayegeuka. Wengi wakishaonja hayo wanaiacha hivyo mpaka ukumbini, na hapo ndipo picha zinapotoka na mistari kama mkeka.

Sababu ni hii. Shata ya kielektroniki kwenye bodi nyingi husoma kihisi mstari kwa mstari, kuanzia juu kwenda chini. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, hata kama jicho halioni. Mistari ya juu inasomwa taa ikiwa kali, ya chini ikiwa imefifia. Kwa taa za kawaida, spidi ya sekunde 1/50 au 1/100 hupunguza tatizo kwa sababu kila mstari unapata mipepeso kamili. Kwa LED za mapambo, na ile skrini kubwa nyuma ya maharusi, spidi hizo huenda zisikuokoe, kwa sababu zina mpepeso wake wenyewe. Umeme ukikatika na jenereta kuwashwa, usitegemee tena kuwa ni hezi 50 kamili.

Basi kanuni yangu ni fupi: kimya wakati wa nikaa na dua, shata ya mitambo kila mahali pengine. Kwa shata ya mitambo washa pia kizuia mpepeso kama bodi yako inacho. Na kumbuka kwamba kwenye bodi nyingi flashi haiwaki kabisa ukiwa kwenye shata ya kielektroniki. Ukiona flashi imegoma katikati ya kukata keki, angalia hapo kabla hujabadilisha betri.

Ukitaka kujionea mwenyewe usomaji huo wa mstari kwa mstari, nenda Mkwakwani siku Coastal Union wanacheza, upige mpira unaoruka kwa shata ya kimya. Mpira utaonekana pichani umerefuka kama yai.

Hatua ya 5: Betri

Canon 6D ilipimwa takriban picha 1,090 kwa chaji moja. EOS R ni kama 370. Nikon D750 ni 1,230, Z6 ni 310. Kazini utapata zaidi ya vipimo hivyo, ila uwiano ndio huo: skrini inakula muda wote. Habari njema ni kwamba betri zako za zamani za Canon LP-E6 zinaingia kwenye EOS R na R6. Ila kuchaji kwa waya wa USB kunataka LP-E6N au mpya zaidi. Beba tatu au nne.

Hatua ya 6: Chumvi na vumbi

Kihisi hakina tena kioo mbele yake. EOS R hushusha pazia la shata ukiizima. Bodi nyingine nyingi huacha kihisi wazi. Zima kamera, geuza mgongo kwenye upepo, elekeza mdomo chini, badilisha haraka. Ukitoka ufukweni, futa bodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Lenzi ziweke kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Kuvu ya Pwani haina huruma na kabati la mbao.

Hatua ya 7: Kompyuta

Lightroom 6, programu ya zamani ya Adobe ya kuhariri picha, haifungui CR3, yaani faili ghafi za EOS R. Adobe wana programu ya bure ya kuzigeuza kuwa DNG, faili ghafi ambazo Lightroom hiyo inazifungua. Pakua hiyo kabla ya kazi ya kwanza.

Hatua ya 8: DSLR uiuze lini?

Msimu mmoja wa harusi tembea nazo zote mbili. Usichelewe sana baada ya hapo: Canon 1D X Mark III na Nikon D6, zote za 2020, ndizo DSLR za mwisho za daraja la juu kabisa kutoka kampuni hizo, na bei za zilizotumika hazina sababu ya kupanda. Siku ya kuuza, toa kadi zako, rudisha menyu ilivyokuwa kiwandani, kisha ingia sehemu ya hakimiliki ufute jina lako. Usipofuta, kila picha atakayopiga mnunuzi itatembea na jina lako ndani yake, hata zile mbovu.