Mtoto anacheua maziwa ya kopo: tengeneza maji, kipimo na chupa kabla ya kubadilisha kopo

Mwongozo huu ni wa mtoto wa chini ya miezi 6 anayekunywa maziwa ya kopo, peke yake au pamoja na ya mama, na kila akimaliza anacheua, anajinyonganyonga au anaigomea chupa. Kitu cha kwanza ambacho wengi hubadilisha ni kopo. Leo hili, wiki ijayo lile, na pesa zimekwisha huku leso bado zinaroa. Mara nyingi shida iko kwenye maji, kipimo, chuchu ya chupa au wingi wa maziwa, na hayo hutengenezwa nyumbani.

Kwanza jua unachokiona

Kucheua ni maziwa kumtoka mdomoni bila kujikamua, na mtoto anaendelea na shughuli zake. Mlango kati ya umio na tumbo bado umelegea, chakula chake chote ni cha majimaji, na muda mwingi yuko chali. Hali hii huzidi kwenye mwezi wa 4 hivi, kisha hupungua akianza kukaa. Wengi huwa wameacha wakifikisha mwaka.

Jaribu hili: mimina kijiko kimoja cha mezani cha maziwa juu ya leso kavu. Tazama doa linavyotanda, utadhani ni nusu chupa. Hizo ni ml 15 tu. Ndiyo maana mizani ya kliniki ni ya kuaminika kuliko doa. Mtoto wa chini ya miezi 3 anayeongeza kama gramu 150 hadi 200 kwa wiki anashiba, hata akicheua mara sita kwa siku.

Usifuate hatua za hapa chini, mpeleke hospitali mara moja, ukiona lolote kati ya haya. Matapishi ya kijani au yenye damu. Maziwa yanayoruka mbali kwa nguvu kila anapokunywa, hasa kuanzia wiki ya 2 hadi ya 8, kisha anataka tena kwa njaa. Tumbo lililofura na kuwa gumu. Utosi uliobonyea au uliovimba. Homa ya 38°C na zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 3. Nepi mbichi chini ya nne kwa saa 24. Mtoto mlegevu asiyeamka kunywa. Au midomo kugeuka rangi akinywa. Matapishi ya kijani yanaweza kuwa utumbo umeziba au umejisokota. Hayasubiri kukuche, hata kama uko Likoni na inabidi uvuke feri usiku.

Hatua ya 1: Maji

Hapa Mombasa ndipo pa kuanzia. Visima vingi vya mjini na vya Kisauni vina maji ya chumvi, na mtungi wa lita 20 unaoletwa na mkokoteni huenda umejazwa popote. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Kinyume chake, maji yakipungua kwenye sufuria chumvi huzidi kukolea. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Figo za mtoto mchanga ni dhaifu kwa chumvi: atakuwa na kiu, atalia kama mwenye njaa, utamwongeza maziwa, naye atacheua zaidi.

Onja maji yakiwa baridi, kabla ya kuchemsha. Ulimi ukihisi chumvi hata kidogo, hayo ni ya kufulia. Tumia maji ya bomba au ya chupa, na ukinunua ya chupa soma kibandiko: sodiamu iwe chini ya mg 200 kwa lita. Ya chupa pia yachemshwe, kwa sababu kufungwa kiwandani hakuyafanyi kuwa salama kwa mtoto mchanga.

Hatua ya 2: Kuchanganya

Osha mikono kwa sabuni. Chupa, chuchu na kifuniko visuguliwe kwa brashi, kisha vichemshwe vikiwa vimezama kabisa kwenye maji.

Chemsha maji angalau lita moja, funika, yaache yasizidi dakika 30. Hapo bado yatakuwa na joto la 70°C au zaidi, na joto hilo linahitajika: unga wenyewe si safi kabisa, unaweza kubeba vijidudu ambavyo maji ya uvuguvugu hayaviui. Kama kopo limeandikwa joto la chini zaidi kwa sababu ya aina yake, uliza kliniki kwanza.

Maji hutangulia, unga hufuata. Weka chupa mezani, inama mpaka jicho liwe sawa na mstari, ndipo usome. Ukitia unga kwanza halafu ukajaza maji hadi mstarini, unga umeshachukua nafasi, maji yamepungua, na maziwa yamekuwa mazito. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo hilo hilo, kisawazishwe kwa kisu safi, kisishindiliwe. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa ml 30 za maji, lakini yapo tofauti, kwa hiyo soma lako na usichukue kijiko cha kopo la zamani.

Usiongeze unga ili ashibe. Maziwa mazito humpa kiu na choo kigumu, na tumbo huchelewa kuyashusha. Usipunguze unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi pia, maana mtoto atakonda, na maji mengi yanaweza hata kumletea degedege. Kopo likikushinda bei, sema wazi kliniki.

Zungusha chupa taratibu badala ya kuitikisa kwa nguvu. Povu ni hewa, na hewa ikiingia tumboni hutoka na maziwa. Likitokea, subiri litulie. Pooza chupa kwenye bakuli la maji baridi yasiyofikia kifuniko, dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono: lihisi vuguvugu tu.

Maziwa yaliyochanganywa hayapitishi saa 2 nje ya friji. Joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, halina huruma, kwa hiyo tunashauri uchanganye akiwa tayari kunywa. Akibakisha, mwaga.

Hatua ya 3: Wingi

Hapa ndipo watoto wengi hushibishwa kupita kiasi. Kisia ml 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 4.5 anahitaji kama ml 675 kwa siku, yaani mara 8 za ml 85 hivi. Ukimpa ml 120 mara 8, amekunywa 960. Kinachozidi kitarudi, na si ugonjwa. Kabla ya kutimiza wiki moja kiasi ni kidogo zaidi, fuata ushauri wa nesi.

Anayecheua sana mpunguzie kila mara, mwongezee idadi: mara 10 za ml 65 hadi 70 badala ya 8 za 85. Jumla ya siku isishuke. Na si kila kilio ni njaa. Akifumba mdomo au akigeuza uso, basi, hata kama zimebaki ml 20.

Hatua ya 4: Chuchu ya chupa na mkao

Pindua chupa. Maziwa yadondoke tone baada ya tone, kama moja kwa sekunde. Yakitiririka, tundu ni pana: mtoto anagugumia, anakohoa, anameza hewa. Yasipodondoka, atanyonya kwa nguvu mpaka achoke na kulala na njaa. Usipanue tundu kwa sindano ya moto. Nunua chuchu ya mwendo wa polepole.

Mkalishe nusu wima kwenye mkono wako, kichwa juu ya tumbo. Chupa ilale karibu sambamba na sakafu, maziwa yajaze chuchu tu. Gusa midomo yake, aivute mwenyewe. Kila baada ya ml 30 hivi pumzika, mweke begani, msugue mgongo apige mbweu. Asipopiga ndani ya dakika tatu au nne, endelea. Chupa nzima ichukue kama dakika 15 hadi 20. Ikiisha kwa dakika 5, mwendo ni wa kasi mno. Kikombe kidogo kisicho na mdomo pia kinafaa, na ni rahisi kukisafisha.

Hatua ya 5: Baada ya kunywa

Mshike wima begani dakika 20 hadi 30. Usimkunje kwenye kiti, kwa kuwa tumbo linabanwa. Nepi isikazwe, na ibadilishwe kabla ya kunywa.

Kulala ni chali, godoro bapa, bila mto. Nyanya wengi huhofia atapaliwa, na hofu hiyo inaeleweka. Lakini mtoto akiwa chali njia ya hewa iko juu ya umio, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaingii humo kirahisi. Kifudifudi ndiko kwenye hatari kubwa ya kifo cha ghafla usingizini.

Asali ni marufuku kabla ya mwaka. Uji usitiwe kwenye chupa. Maziwa ya mbuzi, ngamia au ng'ombe hayachukui nafasi ya kopo.

Ukifanya yote na bado

Badilisha jambo moja kwa wakati, ulipe muda wa siku tatu. Andika saa, ml alizokunywa, alichocheua na choo.

Kamasi au damu chooni, ukurutu ngozini na kutapika kwa pamoja vinaweza kuwa mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Hapo kopo lingine la kawaida halitasaidia, maana karibu yote yametoka kwa ng'ombe. Daktari ndiye huandika maziwa maalumu, nayo hupewa wiki 2 hadi 4 kabla ya kuamua. Kama bado unanyonyesha, usiache.

Siku ya kliniki nenda na kitabu cha mtoto, maandishi yako, kopo, kijiko chake, chupa na chuchu unayotumia, na maji kidogo kutoka mtungi wa nyumbani. Mwombe nesi atazame unavyochanganya, mwanzo hadi mwisho.