Glasi kwa mkono mmoja: mazoezi ya kuikabili hofu ya watu

Anza na karatasi. Andika mambo unayoyakwepa kwa kuogopa macho ya watu, moja moja. "Naogopa watu" haitoshi. Mimi niliandika: kunywa maji mbele ya wageni mkono ukitetemeka, kupiga simu wenzangu wakisikia, kuuliza swali kikaoni, kumwambia muuzaji nimeghairi, sinunui.

Kila jambo lipe alama, 0 hadi 100, kwa kadiri linavyokutisha. Kipimo hicho tumeachiwa na Joseph Wolpe, daktari wa akili wa Afrika Kusini. Anzia kwenye 30 au 40. Kumsalimia jirani kwangu kulikuwa 10, na hakukunifunza kitu.

Kabla ya kwenda, andika unachotarajia kitokee, kwa maneno yanayoweza kuhakikishwa baadaye. "Nitaaibika" utaihakikishaje? "Nikiuliza, watatazamana na kucheka," hiyo ama itatokea ama haitatokea. Ukirudi, andika ulichokiona na kukisikia. Unachodhani waliwaza moyoni kiache.

Sasa penye ugumu wenyewe. Mtu anaweza kuhudhuria kila sherehe na hofu isipungue, kwa sababu anajificha akiwa palepale: anachezea simu, amekaa karibu na mlango, amekariri sentensi, anaongea mbiombio amalize. Wengine hunywa pombe kwanza. Mambo yakienda salama, sifa zote zinakwenda kwa hizo kinga, na hofu inabaki na hoja yake. Kinga yangu ilikuwa kushika glasi kwa mikono miwili, tena maji nusu. Kwa hiyo zoezi langu likawa kuijaza, kuishika kwa mkono mmoja na kuuacha mkono utetemeke utakavyo. Maji yalimwagika. Niliyekaa naye akanisogezea kitambaa huku akiendelea kumlalamikia bosi wake.

Ukiwa hapo, usijichunguze mapigo ya moyo wala jasho. Msikilize anayezungumza, kisha muulize jambo kuhusu alichosema. Wala usiondoke hofu ikiwa kileleni. Ukikimbia wakati huo, kesho itakuja na nguvu zaidi.

Rudia, lakini badilisha: watu wengine, saa nyingine, mahali pengine. Mara moja kwa mwezi ni kidogo mno. Mimi nafuu niliiona nilipofanya karibu kila siku. Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani, alisimulia kwamba akiwa na miaka 19 alijilazimisha kuzungumza na wanawake wapatao mia moja katika bustani ya mimea ya Bronx. Aliambulia miadi moja tu, na mwanamke huyo hakutokea! Hata hivyo woga ulimpungua.

Usingoje alama zishuke hadi sifuri ndipo upande kwenye jambo linalofuata. Na kama hofu imekufungia ndani, au inakuja na mawazo ya kujidhuru, ngazi hii ipande pamoja na mtaalamu wa afya ya akili.