Jinsi ya Kufikia Utambuzi wa Ugonjwa wa Akili, Hatua kwa Hatua

Mifumo miwili ndiyo inayotumiwa zaidi kuainisha magonjwa ya akili, nayo ni ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, na DSM-5-TR ya chama cha madaktari wa akili cha Marekani, iliyotolewa mwaka huohuo. Yote miwili hutegemea zaidi dalili zinazosimuliwa na zinazoonekana, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) au skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli). Kwa hiyo, mahojiano yako na mgonjwa ndiyo kipimo chenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza mwili, dawa na vilevi. Tezi ya thairoidi isiyotoa homoni za kutosha humfanya mtu awe mchovu na mwenye huzuni, na mtu aliyechanganyikiwa ghafla apimwe sukari na maambukizi kabla hujafikiria ugonjwa wa akili.

Hatua ya pili ni muda. Sonona huhitaji angalau dalili tano kwa wiki mbili, karibu kila siku, moja kati yake ikiwa ni huzuni au kukosa hamu ya mambo. Skizofrenia huhitaji mwezi mmoja kwa ICD-11, lakini miezi sita kwa DSM-5-TR, hivyo taja daima mfumo unaoutumia.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: usiandike sonona kabla ya kuulizia mania, yaani kipindi cha kuchangamka kupita kiasi. Muulize hivi: “Je, umewahi kupitisha siku kadhaa ukilala saa chache tu bila kuchoka, huku watu wakishangaa unavyoongea haraka au unavyotumia fedha?” Mgonjwa wa baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda hadi mania na kushuka hadi sonona, mara nyingi huja akiwa na huzuni, na kile kipindi cha kuchangamka huweza kukikumbuka kama wakati alipokuwa mzima kabisa, kwa hiyo, kwa ruhusa yake, muulize pia ndugu anayeishi naye. Ukikosea hapa, dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumsukuma kwenye mania.

Hatua ya nne ni kupima kama dalili zinavuruga kazi, masomo au uhusiano wake na watu, na kama si huzuni ya kawaida ya msiba.

Swali la kujiua halisubiri hatua yoyote. Liulize siku ya kwanza, waziwazi na kwa upole, kwani kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo.