Jinsi ya kuunda riwaya ya uasi wa matabaka: mfano wa Kigoma ya baadaye

Usianze na shujaa. Anza na kitu kimoja ambacho watu hawaishi bila hicho, kisha uamue nani anakishika. Ukichora matabaka kwa mavazi na rangi tu, uasi wako utaishia kwenye hotuba, maana msomaji hajaona watu wanabanwaje.

Chukua Kigoma, miaka 150 ijayo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa; mwezi ukipevuka taa haifui dafu, na mitumbwi hupumzika. Utawala umeshaupata hapo: mwenye taa ndiye mwenye chakula. Juu wakae wamiliki wa taa, kati makarani wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, wanaozigawa jioni na kuzikusanya alfajiri, chini wavuvi na waanikaji. Matabaka matatu yanatosha. Ukiweka saba, sura nne za mwanzo zitakuwa kitabu cha kanuni.

Kabla ya sura ya kwanza andika ukurasa mmoja wa sheria, zisizidi tano, kila moja iwe na makali yake. Mvuvi hubaki na ndoo 3 kati ya 10. Taa ikipotea, ukoo mzima hukosa zamu mpaka giza la mwezi ujao. Mtoto hurithi kazi ya mzazi. Halafu ziba njia za kutokea: reli inayokomea Kigoma, na ziwa lenye Kongo ng'ambo. Usipoziba, msomaji atauliza kwa nini wasihame tu.

Jasho lako kubwa liende kwa karani. Mfumo hausimami kwa ukali wa mkuu. Unasimama kwa sababu wapo wengi wanaopata kidogo kuliko wakubwa lakini zaidi ya jirani. Mpe cha kupoteza, labda kiti ambacho mwanawe atakirithi. Na usieleze cheo chake kwa aya nzima: mzee wa miaka 70 amwamkie shikamoo kijana huyo, naye aitikie marahaba bila kuinua macho. Msomaji wa kwetu atashtuka mwenyewe.

Uasi uguse kitu kilekile ulichoanza nacho, si bunduki zilizodondoka kutoka mbinguni. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wote wako nchi kavu. Hapo ndipo wanapopanga. Mgomo wenyewe usubiri giza, taa zikiwa mikononi mwao, zizimwe zote kwa pamoja katikati ya maji.

Kwa riwaya ya maneno 60,000, yaani sura 30 za maneno 2,000, jaribio la kwanza likae karibu na sura ya 12, na lishindwe kwa sheria iliyotajwa sura ya 3: ndugu anawachongea ili kuuokoa ukoo. Wakishindwa kwa mvua ya ghafla tu, umemwibia msomaji. Shujaa aliyezaliwa na damu ya watawala bila kujua? Achana naye, anathibitisha kwamba matabaka yalikuwa sahihi.

Maneno ya Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, yatie machache, na Muha ayapitie kabla hujachapa.

Sura tatu za mwisho zisiwe ngoma na vigelegele. Taa sasa anazigawa nani, kwa hesabu gani? Rudi kwenye ukurasa wa sheria, andika mpya, kisha mwonyeshe mtu wa kwanza kuzivunja.