Maji Yanadondoka Chini, Nyasi Zinakufa kwa Kiu

Hivi karibuni niliitwa kwenye kitalu kimoja cha maua huku Tegeta, Dar es Salaam. Mwenye kitalu, mama mchapakazi kwelikweli, alikuwa na vikapu 40 vya nyasi za mapambo vya kuning'iniza, na 26 kati ya hivyo vilikuwa vimeungua ncha, majani yamejikunja kama uzi. "Bwana shamba, kumwagilia namwagilia kila siku asubuhi," aliniambia, akaninyooshea kidole sakafuni. Kweli, saruji ilikuwa imelowa kuanzia kikapu cha kwanza hadi cha mwisho. "Maji haya yanatoka chini, unayaona. Sasa kiu inatoka wapi?"

Nikaomba kisu. Nikashusha kikapu kimoja, nikalipasua donge la mizizi katikati kama mtu anavyopasua mkate. Kwa nje, unene wa kidole kimoja hivi, lilikuwa limelowa. Ndani palikuwa pakavu kiasi kwamba nilipopagonga kwa ubapa wa kisu vumbi lilitoka. Yule mama alinyamaza, akaingiza kidole mwenyewe, akakitoa kikiwa kikavu. Alikuwa amemwagilia sakafu kwa wiki nyingi.

Hili ndilo kosa linalonifanya niandike, kwa sababu nakutana nalo karibu kila kitalu ninachopita, na linaua mali ya watu wanaojituma, si wavivu. Mkulima anamimina maji juu, anaona yanadondoka chini, anahesabu kikapu kimeshiba, anahamia kingine. Ndugu zangu, maji kudondoka chini kunaonyesha jambo moja tu: kwamba maji yamepita. Hakuonyeshi yamepita wapi.

Tuone yanapita wapi. Nyasi hazina mzizi mkuu mmoja. Zina mizizi mingi myembamba kama nywele. Ndani ya miezi michache mizizi hiyo inajaza kikapu chote na kuusukuma mchanganyiko mpaka linabaki donge moja gumu. Donge hilo likikauka linanywea, linajitenga na ukuta wa kikapu. Ule ufa wa pembeni unaweza kuwa mwembamba kama kadi ya simu, lakini kwa maji ni barabara. Unamwaga juu, yanakimbilia pembeni, yanatokea chini ndani ya nusu dakika. Kesho unarudia, na kiini kinazidi kukauka huku sakafu ikizidi kulowa. Maua kama petunia nayo hupata shida hii, lakini nyasi huipata mapema zaidi na vibaya zaidi, kwa wingi wa mizizi yake.

Kwa wanaotumia udongo wa shambani, hapo nitasema kwa ukali kidogo: acheni. Udongo mtupu unashikamana, unapasuka ukikauka, na ni mzito. Lita moja ya udongo mkavu ina uzito wa kilo moja na robo hivi. Kikapu cha kipenyo cha sentimita 30 kinabeba mchanganyiko wa lita 6, kwa hiyo kikilowa unaning'iniza karibu kilo 10 juu ya kichwa cha mteja. Tumia sehemu 3 za kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa kwa maji safi mara mbili kuondoa chumvi, sehemu 2 za mboji iliyoiva na kuchekechwa, na sehemu 1 ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa makaa. Pima kwa kopo moja hilohilo. Koleo la huyu na koleo la yule havilingani. Jaza mpaka sentimita 3 chini ya ukingo, si zaidi. Nafasi hiyo ndiyo bwawa lako la kushikia maji yakiwa yanazama, na anayejaza mpaka juu anajinyima. Wala usiweke kokoto chini kwa ajili ya "kupitisha maji". Kokoto zinakula nafasi ya mizizi, na sehemu yenye maji yaliyotuama inapanda juu badala ya kushuka.

Kama kikapu chako ni cha waya chenye mkeka wa makumbi, tandika nailoni ndani ya mkeka, nusu ya chini tu, uitoboe matundu matano ya upana wa penseli. Bila nailoni, mkeka unavuja na kupumua pande zote, na upepo unamaliza kazi.

Sasa kumwagilia kwenyewe. Vipimo hivi ni vya kikapu cha sentimita 30 chenye mchanganyiko niliotaja.

Siku ya kwanza kizamishe kikapu kwenye beseni mpaka kishibe, kitundike kichuruzike kwa dakika 30, kisha kipime kwa mizani ya ndoano, ile wanayotumia wauza nyama. Kitakuja kilo 5 hivi, pamoja na waya na mmea. Andika uzito huo kwenye kipande cha plasta, ukibandike kwenye mnyororo. Huo ndio uzito wa kushiba. Kikishuka kwa kilo 1, mwagilia. Kikiwa bado hakijashuka hivyo, kiache, hata kama jirani yako anamwagilia. Kwa kikapu cha sentimita 25 kiwango cha kumwagilia ni kushuka kwa nusu kilo.

Si lazima upime vikapu vyote 40 kila siku. Chagua vitatu: kimoja cha pembeni kwenye upepo, kimoja cha katikati, kimoja cha kivulini kabisa. Hivyo vitasema kwa niaba ya wenzao wa eneo lao. Huku pwani, wakati wa kusi, upande wa kusini wa banda hukauka kabla ya pande nyingine. Nimeona vikapu vya mstari huo vinahitaji maji kila siku wakati vya ndani vinakaa siku mbili. Wakati wa kaskazi joto linakausha vyote, na huenda ukalazimika kupima asubuhi na jioni.

Maji ya kurudisha kilo 1 ni lita moja na robo, lakini usiyamwage mara moja. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa sababu wana haraka. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kizibo matundu matano kwa msumari. Mimina nusu lita ya kwanza polepole, ukizunguka juu yote, katikati zaidi kuliko pembeni. Ngoja dakika 10. Dakika 10 kwa saa, si za kukisia. Nenda kwenye mstari mzima halafu urudi. Mimina nusu lita ya pili. Ngoja dakika 10 nyingine. Malizia na robo lita. Mzunguko wa kwanza unalainisha donge livimbe na kuziba ufa, wa pili ndio unaonywesha, wa tatu unafikisha maji chini na kutoa chumvi za mbolea. Anayemwaga lita moja na robo kwa mkupuo mmoja ametumia maji yaleyale na amepata sehemu ndogo tu ya faida, pengine hata hiyo hakuipata.

Angalia chini wakati wa ile nusu lita ya kwanza. Maji yakidondoka kabla chupa haijaisha, usifurahi. Maji yamepata njia ya mkato, na kikapu hicho hakistahili kuendelea kumwagiliwa kwa juu. Kizamishe, kama ninavyoeleza hapo mbele.

Asiye na mizani atumie kijiti cha mshikaki. Kichomeke katikati ya donge, si pembeni, kina cha sentimita 10, ukiache dakika 5. Kikitoka na rangi ya kulowa mpaka ncha, ngoja. Kikitoka kikavu nusu yake ya chini, mwagilia. Kisipoingia kabisa, donge limekuwa gumu na umechelewa.

Saa ya kumwagilia ni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Maji ya saa 7 mchana yanakuta kikapu kina joto, na sehemu yake inapotea kabla haijazama.

Kikapu kilichoshuka chini ya kilo 3 na nusu kizamishwe. Jaza beseni maji, kiweke kikapu humo mpaka maji yafike usawa wa mchanganyiko, yasizidi, la sivyo mchanganyiko utaelea. Utaona viputo vinapanda. Hiyo ni hewa iliyokaa mahali pa maji. Subiri mpaka viputo viishe, dakika 20 hadi 30. Wengi wanatoa baada ya dakika 5 kwa kuona juu pamelowa, na kiini kinabaki vilevile. Ukikitoa, kitundike kivulini kwa siku mbili. Usitie mbolea wiki hiyo.

Na mbolea ndiyo inayoongeza hasara juu ya hasara. Mkulima anaona ncha za kahawia, anadhani ni njaa, anatia NPK, yaani mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Chumvi inaingia kwenye mizizi mikavu na kuiunguza, ncha zinazidi, naye anaongeza tena. Tafadhali, kabla hujagusa mfuko wa mbolea, chomeka kijiti. Mbolea ya kuyeyusha ni kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, kwenye lita 5 za maji, kila baada ya siku 14, na iwe kwenye kikapu kilichokwisha kunyweshwa siku hiyo. Zikiwa nyasi zenye majani ya mistari, baadhi ya chipukizi huweza kurudi ukijani mtupu. Chipukizi la namna hiyo likate kifundoni, pale jani linapoungana na shina, mara unapoliona, maana hukua haraka kuliko wenzake na litawafunika.

Kuhusu aina, neno fupi, kwa kuwa vipimo vinatofautiana kidogo. Oplismenus hirtellus 'Variegatus', ile yenye majani ya mistari meupe na wekundu wa waridi inayotambaa na kuning'inia, ndiyo inayonyauka mapema na pia ndiyo inayosamehe. Ikizamishwa kwa wakati hurudi. Stenotaphrum secundatum ya mistari ya rangi ya maziwa ni ndugu wa nyasi za Pemba zinazooteshwa kwenye viwanja huku pwani, na inavumilia ukavu, kwa hiyo inakudanganya: inakaa imara huku kiini kimeshakauka, halafu inakauka yote. Hiyo uiamini mizani, usiamini macho. Carex, ambazo si nyasi halisi ila zinauzwa pamoja nazo, zina mizizi iliyobanana kupita zote na zinapenda baridi ya Arusha na Lushoto kuliko joto la Dar es Salaam. Isolepis cernua, ile ya nyuzi laini zenye vichwa vidogo nchani, ni mmea wa penye maji: isishuke zaidi ya gramu 300 kutoka uzito wa kushiba, na yenyewe tu ndiyo ninayoiruhusu kukaa na kisahani cha maji chini yake.

Kikapu kikienda vizuri utaona chipukizi jipya ukingoni na ncha safi, basi.

Yule mama wa Tegeta tulizamisha vikapu vyake sita sita kwenye beseni la kufulia, mchana kutwa. Vile ambavyo majani yalikuwa yamekauka mpaka shinani sikumruhusu apoteze maji. Tulitafuta vifundo vilivyobaki kijani, tukavikata vipande vya vifundo vitatu vitatu, tukavilaza juu ya kokopiti yenye unyevu na kufukia kifundo kimoja sentimita 1. Kwa Oplismenus na Stenotaphrum hilo linafanyika, maana kila kifundo kina uwezo wa kutoa mizizi. Carex na Isolepis hazioti kwa vipande vya shina. Hizo hugawanywa kwa shina zima lenye mizizi yake hai, na isipopatikana hata sehemu moja hai, kikapu kimwagwe na mchanganyiko uchekechwe upya kutoa mizizi iliyokufa kabla ya kupanda kingine.